Kiapo kwa Mfalme, ushungi kazini na shamba la Muheza: jibu kwa msomaji anayesita kuomba uraia wa Uingereza

"Assalaam aleikum, mtaalamu, na pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenyeji wa Muheza, Tanga. Nipo Milton Keynes mwaka wa tisa huu, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ukaazi wa kudumu, hii ILR, niliupata miaka mitatu iliyopita. Mume wangu ni Mkenya wa Mombasa, naye anao, na anataka tuombe uraia pamoja mwaka huu. Mimi moyo unasita. Mjomba wangu anasema kile kiapo kwa Mfalme ni sawa na kuuza dini, na kwamba ukishaapa umekubali 'maadili ya Waingereza' yote, hata yale tusiyoyataka kwa watoto wetu. Shoga yangu naye ananiambia nisipokuwa raia sina haki yoyote hapa. Na kweli, wiki tatu zilizopita meneja mpya aliniambia nivue ushungi nikiwa zamu. Nikanyamaza, maana mimi si raia. Mwaka jana niliondoka tarehe 3 Septemba kwenda kumuuguza mama, nikarudi tarehe 22 Desemba. Kabla ya hapo sikuwa nimesafiri muda mrefu. Mtoto wa kwanza alizaliwa hapa kabla sijapata ILR, wa pili baada yake. Na nyumbani nina shamba aliloniachia marehemu baba. Nichukue uraia au nibaki nilivyo?"

Waalaikumu ssalaam, dada yangu. Mungu ampe mama afya, na baba amlaze pema.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeuliza mengi, ila naona hofu zimekukamata pande mbili: mjomba anakwambia ukiapa utapoteza dini, shoga yako anakwambia usipoapa huna haki. Kwa sheria ya Uingereza ilivyo, wote wawili wamekosea, na nitakueleza kwa nini. Lakini ipo hasara moja ya kweli ambayo hakuna kati yao aliyekutajia, nayo haiko London wala Milton Keynes, iko Muheza. Tutaifikia.

Nianze na la kazini kwa sababu lina muda wake, na muda huo umeshaanza kuhesabiwa. Anayetaka kulipeleka suala la ubaguzi kazini kwenye baraza la kazi, jihesabie kwamba ana miezi mitatu kasoro siku moja tangu tukio. Wewe umeshatumia wiki tatu. Na kabla ya baraza ni lazima upitie Acas, chombo cha usuluhishi wa kazi, ambacho huduma yake ni bure.

Sheria inayokulinda ni Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Inataja sifa tisa ambazo mtu hatakiwi kubaguliwa kwazo, na dini ni mojawapo. Haidai kwamba anayelalamika awe raia. Mwajiri akiweka kanuni inayoonekana ni ya wote, mathalani "hakuna kufunika kichwa zamuni", lakini uzito wake ukawaangukia Waislamu na Masingasinga kuliko wengine, ni juu yake kuthibitisha kwamba ana sababu halali na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kuifikia sababu hiyo. Kwenye kazi yako sababu halali zipo. Kuna usafi na kuzuia maambukizi, kuna kitambaa kirefu kunasa kwenye mashine ya kumnyanyulia mgonjwa, na kuna mzee mwenye maradhi ya kusahau anayeweza kukivuta. Kwa hiyo meneja anaweza kukutaka uvae ushungi mfupi, usio na pini, uliochomekwa ndani ya sare na unaobadilishwa kila siku. Kukwambia uuvue kabisa ni jambo jingine, na sijui atalitetea kwa hoja gani. Mwandikie leo barua pepe ya adabu, umwombe sababu kwa maandishi pamoja na nakala ya kanuni za mavazi. Usigombane naye. Mara nyingi barua hiyo moja huyamaliza, kwa sababu kuisema kanuni kwa mdomo ni rahisi, kuiwekea sahihi ni kazi.

Ulinyamaza kwa kuwa si raia. Naomba tukae hapa kidogo, maana ndipo watu wetu wengi wanapokosea.

Uingereza haina katiba iliyokusanywa katika kitabu kimoja kama ya Tanzania au Kenya. Haki zake zimetawanyika kwenye sheria za Bunge, hukumu za mahakama na mikataba. Kwa mambo ya dini, familia, faragha na uhuru wa kusema, nguzo yake leo ni Sheria ya Haki za Binadamu ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika tarehe 2 Oktoba 2000. Sheria hiyo iliuingiza ndani ya mahakama za Uingereza Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa mwaka 1950. Na mkataba huo, tangu kifungu chake cha kwanza, unamzungumzia kila mtu aliye chini ya mamlaka ya nchi husika. Mgeni yumo, mwanafunzi yumo, hata mwenye viza iliyokwisha yumo.

Wala si maneno ya karatasini. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu wageni wanaoshukiwa kwa ugaidi wafungwe bila kushtakiwa. Wengine waliwekwa gereza la Belmarsh, London. Tarehe 16 Desemba 2004, majaji wanane kati ya tisa wa mahakama ya juu ya wakati ule waliamua kwamba sheria hiyo inakiuka haki za binadamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba inawabagua wageni: raia mwenye tuhuma ileile hakuwa anafungwa. Mwaka uliofuata Bunge likaiondoa. Fikiria watu wale walikuwa akina nani machoni pa jamii wakati ule, halafu jiulize kama mama wa Muheza anayewaogesha wazee wa watu hana haki ya kuuliza habari ya ushungi wake.

Hata hivyo nisikudanganye ukadhani kila haki haina mpaka. Haki ya dini ina tabaka mbili. Imani yenyewe, ile iliyo moyoni, na uhuru wa kuibadilisha, serikali hairuhusiwi kuigusa. Kuidhihirisha imani kwa vazi au kitendo kunaweza kuwekewa mipaka, ikiwa mipaka hiyo imo katika sheria na ina sababu nzito kama afya au haki za wengine. Mwaka 2006 msichana wa Luton aliyetaka kuvaa jilbabu shuleni alishindwa mahakamani, kwa sababu shule yake ilikwisha kuruhusu ushungi na shalwar kamiz, na zilikuwepo shule nyingine ambazo angeweza kuvaa atakavyo. Mwaka 2013, Mahakama ya Ulaya kule Strasbourg ilitoa uamuzi juu ya wanawake wawili Wakristo wa Uingereza waliozuiwa kuvaa msalaba kazini. Wa shirika la ndege alishinda, kwa kuwa sura ya kampuni haikuwa sababu nzito ya kutosha. Muuguzi alishindwa, kwa kuwa mkufu shingoni ungeweza kushikwa na mgonjwa au kugusa kidonda. Ukizisoma kesi hizo pamoja utauona mzani unaotumika, nao ni mmoja kwa Muislamu na kwa Mkristo.

Kuna la pili ambalo nadhani hujaambiwa. Wewe kama Mtanzania ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika chaguzi zote, pamoja na ya kuchagua mbunge. Mkenya pia, Mganda pia, Mnyarwanda pia tangu nchi yake ilipojiunga mwaka 2009. Jirani yako kutoka Burundi au Kongo hana haki hiyo mpaka awe raia. Na ukishakuwa kwenye daftari la wapiga kura unaweza kuitwa kuketi kwenye baraza la wazee wa mahakama ya jinai, lile la watu kumi na wawili, ukaamua kama mshtakiwa ana hatia. Nimekutana na watu walioishi hapa miaka kumi na tano wakitupa barua za daftari hilo wakidhani zimekosea nyumba.

Sasa maadili. Mjomba wako amesikia msemo unaotumika sana hapa, akaujaza maana aliyokuwa nayo kichwani. Simlaumu, kwa sababu wanasiasa wa hapa wenyewe huujaza kila mmoja anachotaka. Orodha rasmi ni fupi. Mwaka 2011, katika mkakati wa serikali wa kuzuia watu kuingizwa kwenye ugaidi, zilitajwa tunu hizi: demokrasia, utawala wa sheria, uhuru wa mtu binafsi, na kuheshimiana na kustahimiliana kati ya watu wa dini na imani tofauti. Tangu mwaka 2014 shule za England zinatakiwa kuzikuza. Kitabu cha mtihani wa uraia kinaongeza kushiriki katika maisha ya jamii. Nimetumia neno tunu kwa makusudi, kwa sababu Tanzania nasi tuna tunu za taifa, na Katiba ya Kenya ya 2010 ina kifungu kizima, cha 10, kinachotaja tunu zake. Ukiziweka pamoja utaona zinafanana kuliko zinavyotofautiana.

Kilichomtisha mjomba, nadhani, ni neno kustahimiliana. Amelielewa kama kukubali. Kwa Kiswahili chetu chenyewe hayo ni mambo mawili. Unaweza kumstahimili jirani anayepiga ngoma usiku bila kuipenda ngoma yake. Unachokatazwa ni kuivunja. Sheria ya hapa imelichora hilo vizuri katika kesi mbili za Mahakama ya Juu. Mwaka 2013 wenye nyumba ya wageni ya Cornwall, Wakristo, walishindwa baada ya kuwanyima chumba wanaume wawili waliofunga uhusiano wa kisheria: ukifungua biashara kwa umma, huwezi kumfukuza mteja kwa alivyo. Mwaka 2018 waoka keki wa Belfast, Wakristo pia, walishinda baada ya kukataa kuandika kwenye keki maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Majaji wote walikubaliana kwamba hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kutamka ujumbe asioamini. Hapo ndipo mpaka ulipo. Sheria inakudai jinsi unavyowatendea watu, na inakuachia unayoamini.

Yapo mambo ambayo haistahimili kabisa, na ni vyema niyaseme waziwazi: ukeketaji, ndoa ya kulazimishwa, na tangu Februari 2023, ndoa yoyote ya mwenye umri chini ya miaka 18 katika England na Wales, hata ile ya msikitini au ya kimila isiyoandikishwa. Kuchapa watoto kumepigwa marufuku Scotland tangu 2020 na Wales tangu 2022. England, uliko wewe, bado upo utetezi wa "adhabu ya kadiri", ila ni mwembamba na alama moja mwilini mwa mtoto inaweza kuuvunja. Sasa angalia: yote hayo yanakubana leo ukiwa na ILR, na yangekubana hata ukiwa mtalii. Kiapo hakiongezi hata moja. Halikadhalika haki zako kama mzazi, kwa mfano kumtoa mtoto kwenye somo la dini, au kwenye sehemu kubwa ya elimu ya ngono shuleni England, unazo sasa na hazitabadilika. Somo la mahusiano, lile linalofundisha kwamba familia ziko za aina mbalimbali, huwezi kumtoa, uwe raia usiwe raia.

Na kiapo chenyewe je? Sherehe hizi si za kale. Sheria yake ni ya mwaka 2002 na ya kwanza ilifanyika Brent, London, Februari 2004. Hufanyika kwenye ukumbi wa halmashauri, mkiwa watu wengi wa mataifa mengi, picha ya Mfalme ikiwa ukutani. Utasema maneno ya aina mbili. Kwanza ni utiifu: kwamba ukishakuwa raia utakuwa mwaminifu na mtiifu wa kweli kwa Mfalme Charles wa Tatu, warithi wake na watakaomfuata, kwa mujibu wa sheria. Unachagua mwenyewe kuapa kwa Mwenyezi Mungu au kuahidi bila kuapa, na ahadi ina nguvu ileile. Kisha unatoa ahadi kwa nchi: utaipa Uingereza uaminifu wako, utaheshimu haki na uhuru wake, utazilinda tunu zake za kidemokrasia, utazifuata sheria zake na kutimiza wajibu wako wa uraia.

Yaangalie maneno yale "kwa mujibu wa sheria". Hayo ndiyo kiini. Tangu Sheria ya Haki ya mwaka 1689 mfalme wa hapa hana uwezo wa kusimamisha sheria bila Bunge. Anayemwapia anaiapia dola na sheria zake, kwa jina la mtu aliyekaa juu yake. Mfalme ni mkuu wa Kanisa la England, kweli, na nadhani hapo ndipo mjomba alipopata hoja. Lakini kiapo cha raia hakitaji kanisa, hakitaji Ukristo, na hakuna anayekuuliza dini yako ukumbini. Wahindu, Masingasinga, Wayahudi, Waislamu na wasio na dini husimama mstari mmoja na kusema maneno hayohayo. Mimi si sheikh, na sitakutolea fatwa. Ninachoweza kukuhakikishia ni kile sheria inachokusudia na kile isichokusudia.

Basi uraia unaongeza nini, kama haki nyingi unazo tayari? Unaongeza uhakika. ILR yako inakufa ukikaa nje ya nchi zaidi ya miaka miwili mfululizo. Mama akihitaji umuuguze miaka mitatu, utarudi na kukuta mlango umefungwa, uanze kuomba upya. Raia hana hesabu hiyo. Raia hafukuzwi nchini akipata kesi ya jinai, mwenye ILR anaweza. Pasipoti inakurahisishia safari, na ukiwa taabuni ugenini unao ubalozi wa Uingereza wa kuupigia simu.

Lakini hata uhakika huo una tundu, na ni haki yako kulijua. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1981 kinamruhusu Waziri wa Mambo ya Ndani kumvua mtu uraia alioupata kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo, au pale anapoona ni kwa maslahi ya umma, na kwa kawaida njia hii ya pili humpata mwenye uraia mwingine wa kuangukia. Hutumika kwa kesi nzito, hasa za usalama, na haikuhusu. Naitaja kwa sababu wazee wa kwetu wana kumbukumbu. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walipoanza kuja kwa wingi, Bunge la hapa lilipitisha kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia. Pasipoti mkononi, na mlango umefungwa. Mwaka 1973 tume ya haki za binadamu ya Ulaya iliona kwamba waliotendewa hivyo walidhalilishwa kwa rangi yao. Kwa hiyo ninaposema uhakika, nina maana uhakika mkubwa kuliko ulio nao sasa, basi.

Watoto. Wengi wanaamini aliyezaliwa hapa ni Mwingereza moja kwa moja. Si hivyo tangu tarehe 1 Januari 1983. Mtoto aliyezaliwa hapa ni raia ikiwa siku ile ya kuzaliwa mzazi mmojawapo alikuwa raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo mtoto wako wa pili ni raia tayari, mwombee pasipoti tu. Mtoto wa kwanza, kama baba yake naye hakuwa na ukaazi wa kudumu wakati ule, si raia bado, lakini tangu ulipopata ILR ana haki ya kuandikishwa, na haki hiyo haitegemei wewe kuapa chochote. Usiiache mpaka akue. Ada yake ni kubwa, ila tangu mwaka 2022 familia isiyo na uwezo inaweza kuomba mtoto asamehewe. Ningekuwa wewe ningeanza na huyu kabla ya kufikiria lako. Zungumza pia na ubalozi wa Tanzania kuhusu uraia wao wa huko, kwa sababu wakifika miaka 18 watatakiwa kuchagua.

Siku zako za kusafiri nimezihesabu. Anayeomba kwa njia ya miaka mitano asiwe nje zaidi ya siku 450 katika miaka hiyo, wala zaidi ya 90 katika miezi 12 ya mwisho. Siku ya kuondoka na ya kurudi hazihesabiwi. Wewe ulikuwa nje siku 109. Maafisa wana nafasi ya kusamehe, na kumuuguza mama ni sababu ya kibinadamu, lakini ada ya mtu mzima imeshapita pauni 1,600 na sehemu kubwa hairudishwi ukikataliwa. Wala hakuna rufaa ya kawaida. Kuna kuomba wapitie upya uamuzi, au kwenda mahakama kuu. Kwa nini ucheze kamari? Ukingoja uombe tarehe 1 Oktoba mwaka huu, zitakazohesabiwa zitakuwa 81, mradi usisafiri tena hapo katikati. Hakikisha pia kwamba siku ileile miaka mitano nyuma ulikuwa ndani ya nchi. Mtihani na Kiingereza kama ulivifaulu kwa ajili ya ILR, huvirudii. Na kwenye fomu taja kila kitu, hata faini ya gari. Faini ndogo iliyolipwa kwa kawaida haimwangushi mtu; kuificha kunaweza.

Sasa Muheza. Mume wako akiapa hapotezi kitu kwao. Kifungu cha 16 cha Katiba ya Kenya kinasema raia wa kuzaliwa habaki bila uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Anatakiwa tu kuijulisha serikali, na akitaka baadhi ya vyeo vya umma uraia huo wa pili utamzuia. Wewe ni tofauti. Chini ya Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari anaupoteza wa Tanzania. Mtaapa ukumbi mmoja siku moja: yeye atatoka na nchi mbili, wewe na moja. Mwenye kukushauri ombeni pamoja bila kukwambia hili hajakutendea haki, hata kama anakupenda.

Na ardhi inafuata uraia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa uwekezaji. Shamba la urithi kijijini halimo humo. Serikali imeleta utaratibu wa hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, unaolegeza baadhi ya masharti, lakini hadhi maalum si uraia, na usijenge uamuzi wa shamba la baba juu ya maneno ya kundi la WhatsApp. Kabla ya kuapa, wakili wa Tanga akutazamie shamba hilo ni la aina gani, liko kwa jina la nani, na kama mirathi imekamilika. Nimeona ndugu wakivunjana kwa shamba la ekari tatu kwa sababu aliye Uingereza aliapa kwanza akauliza baadaye.

Unaniuliza uchague nini. Kama moyo wako uko kurudi Muheza ukistaafu, na ILR inakutosha, kubaki Mtanzania ni uamuzi wa heshima na hauna upungufu wowote. Mwandikishe mtoto, jiandikishe kupiga kura, angalia miaka miwili isikupite ukiwa nje. Kama maisha ya watoto yameshaota mizizi hapa na unaona utazeekea hapa, uraia una maana, na sheria yenyewe inamtaka anayeomba kwa njia yako awe na nia ya kuifanya Uingereza makazi yake makuu. Mimi kwa hali uliyonieleza, na shamba likiwa halijapangwa, nisingeomba mwaka huu hata kama siku zingetosha. Mume wako anaweza kutangulia. Hakuna sheria inayowataka muombe pamoja.

Yapo mambo ambayo hayamalizwi kwa barua. Kama uliwahi kuomba hifadhi kwa jina au tarehe nyingine ya kuzaliwa, kama una kesi yoyote hata ya zamani, kama kuna kodi hukuieleza, au kipindi ulichokaa bila kibali, usijaze fomu kabla hujaketi ana kwa ana na mshauri anayetambuliwa na mamlaka ya ushauri wa uhamiaji, au wakili. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kutambuliwa ni kosa la jinai hapa, na wapo wa kwetu wanaotoza watu pauni 300 kujaza fomu wasiyoielewa. Kwa la ushungi, Citizens Advice ya mji wako, shirika la kuwashauri watu juu ya haki zao, watakusaidia bure, na chama cha wafanyakazi kama umo.

Mjomba usibishane naye kwa simu. Mwandikie maneno ya kiapo yote mawili kwa Kiswahili kama nilivyoyaweka hapo juu, pamoja na hiyari ya kuahidi badala ya kuapa, ayapeleke kwa sheikh anayemwamini. Na barua pepe ya meneja, dada yangu, iandike leo usiku watoto wakilala.